The Odin Project: tathmini ya kozi ya bure kwa anayejifundisha programu mwenyewe

The Odin Project ni kozi ya bure ya kutengeneza tovuti na programu za mtandaoni. Ilianzishwa na Erik Trautman mwaka 2013, na leo inatunzwa na watu wanaojitolea. Haina mwalimu, haina mtihani wala cheti. Pamoja na hayo, kwa mtu aliyeko Mbeya au Kisumu anayetaka kuingia kwenye kazi ya programu bila kupitia chuo, hii ndiyo kozi ya kwanza ninayoipendekeza. Ila kuna masharti mawili: awe na kompyuta inayoweza kubeba Linux, mfumo endeshi wa bure, na atafute mtu wa kuusoma msimbo wake, yaani maandishi ya programu anayoandika. Hilo la pili kozi yenyewe haikupi, na ndipo wengi wanapokwama wakidhani wamefika.

Kozi nyingi za bure hukuwekea kisanduku cha kuandikia ndani ya kivinjari. Unajaza mstari, kinawaka kijani, unaendelea. Odin inakutoa humo mapema sana. Unafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, unatengeneza folda tupu, unaandika `git init` ili Git ianze kutunza historia ya kazi yako, unaunda `index.html` kwa mkono wako, na kazi ikiisha unaipandisha GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, na kuifungua hadharani. Hakuna wa kukuambia umepata. Ofisini kazi huanza na kuisha vivyo hivyo, na mtu aliyezoea kisanduku hushtuka siku ya kwanza anapopewa folda tupu.

Mashine

Odin haihudumii Windows kama ilivyo. Maelekezo yake yamejengwa juu ya Ubuntu, aina moja ya Linux (pamoja na ndugu zake rasmi kama Xubuntu), macOS, na ChromeOS Flex. Mwenye Windows ana njia tatu: mashine pepe ya VirtualBox, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kuweka Linux kando ya Windows kwenye diski ile ile, au WSL2, yaani Linux inayoishi ndani ya Windows.

Wengi huchagua mashine pepe kwa sababu haigusi kitu. Kwa laptopu ya RAM GB 4 hilo ni kosa. Mashine pepe inataka walau GB 2 zake peke yake, Windows inabaki na GB 2, na kivinjari kikifunguliwa pande zote mbili kila kitu kinaganda. Mwanafunzi anaamini programu ni ngumu, kumbe ni RAM. Mwenye GB 4 aweke Xubuntu kando ya Windows, au aifute Windows kabisa kama haina kazi nyingine. Mwenye GB 8 atatosheka na WSL2. VirtualBox naiacha kwa mwenye GB 16, au kwa mtu anayetumia kompyuta ya ofisi asiyoruhusiwa kuigawa diski yake.

Kabla ya kugawa diski, fanya mambo matatu. Nakili mafaili yako nje. Angalia kama BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski, imewashwa, na kama imewashwa hifadhi ufunguo wake wa kurejesha mahali pengine, maana ukibadilisha mpangilio wa kuwasha kompyuta, Windows inaweza kuudai, na usipokuwa nao umefungiwa nje ya data yako. Kisha zima ile Fast Startup ya Windows, la sivyo Linux itaiona diski ya Windows kama ya kusoma tu. Punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, acha nafasi ya GB 50 hivi, ndipo uwashe kutoka kwenye flashi.

Kwenye WSL2, unafungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kama msimamizi na kuandika `wsl --install`. Ikikataa, mara nyingi uwezo wa mashine pepe umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta: kwa Intel unaitwa VT-x, kwa AMD utaona SVM. Kuna kosa jingine lisilopiga kelele. Watu huweka miradi yao ndani ya `/mnt/c`, yaani kwenye diski ya Windows, kisha wanalalamika kwamba `npm install`, amri ya kushusha vifurushi vya msimbo, inachukua dakika kumi. Kila faili pale linavuka mpaka kati ya mifumo miwili. Weka kazi zako ndani ya nyumba ya Linux, mfano `~/repos`, na kasi itabadilika hapo hapo.

Kama unanunua mashine, chukua zile laptopu za ofisi zilizotumika nje, kama ThinkPad, Latitude au EliteBook, zenye RAM GB 8 na SSD. Uliza kama RAM inaongezeka au imechomelewa kwenye bodi. Laptopu ya zamani yenye HDD, ile diski inayozunguka, ukiitoa na kuweka SSD ya GB 256, ambayo ni ya kasi zaidi, utadhani umenunua nyingine. Kati ya matumizi yote ya mwanzo, hilo ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

Bando na umeme

Masomo ya Odin ni maandishi zaidi kuliko video, na kwa mtu anayenunua bando la wiki hilo si jambo dogo. Zaidi ya hapo, kozi nzima ni ya wazi: maandishi yote yako GitHub, na unaweza kuyashusha kwa pamoja:

`git clone --depth 1 https://github.com/TheOdinProject/curriculum.git`

Lile `--depth 1` linachukua hali ya sasa tu na kuacha historia ya miaka yote, hivyo mzigo unakuwa mwepesi. Mafaili ni ya Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache, unayasoma ndani ya VS Code, programu ya kuandikia msimbo, bila intaneti. Tatizo ni kwamba kila somo linakutuma nje, hasa MDN, tovuti ya nyaraka za lugha za wavuti, na javascript.info. Kwa MDN, fungua devdocs.io ukiwa na intaneti, washa nyaraka za HTML, CSS, JavaScript na Web APIs, kisha zihifadhi kwa matumizi ya nje ya mtandao. Kuanzia hapo unatafuta ndani ya kivinjari bila kuigusa intaneti. Javascript.info nayo ina ripozitori yake ya wazi inayoweza kushushwa.

Mlaji mkubwa wa bando ni mwingine kabisa. Ukitumia mtandao wa simu, ieleze Windows kwamba huo ni mtandao wa kupimwa, la sivyo masasisho yake yatamaliza GB zako usiku mmoja. Kwenye Ubuntu, programu za Snap hujisasisha zenyewe. Amri `sudo snap set system refresh.metered=hold` inazizuia mtandao ukiwa umewekewa alama ya kupimwa. Na ukifika React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, kila mradi mpya unashusha vifurushi vyake upya. `npm install --prefer-offline` inaanza kutazama akiba iliyopo kwenye mashine kabla ya kwenda mtandaoni.

Umeme una madhara ambayo maelekezo ya kozi hayayataji. Laptopu yenye betri iliyokufa ikizimika wakati Git inaandika, unaweza kukuta ujumbe unaosema faili la ndani ya `.git/objects` ni tupu, na amri nyingi za Git zinakataa kufanya kazi. Usianze kufuta mafaili ndani ya `.git` kwa kubahatisha. Clone upya kutoka GitHub kwenye folda nyingine, nakili mafaili yako ya kazi juu yake bila ile folda ya `.git`, kisha endelea. Hii inawezekana tu kama ulikuwa unapandisha kazi mara kwa mara. Pandisha kila kipande kinachofanya kazi, hata kama ni mara sita kwa siku.

Foundations: hapa ndipo thamani ilipo

Sehemu ya kwanza inaitwa Foundations, na kila mtu huipitia: terminali, Git, HTML, CSS, Flexbox, kisha JavaScript. Miradi yake ni kurasa za mapishi, ukurasa wa kutangaza biashara, jiwe-karatasi-mkasi, Etch-a-Sketch na kikokotoo. Kwa mtu anayeweka saa mbili kila siku bila kukosa, miezi miwili hadi mitatu ni makadirio ya haki. Anayemaliza kwa wiki mbili kwa kawaida amenakili.

Etch-a-Sketch inaonyesha vizuri kozi hii inavyofundisha. Unatakiwa kutengeneza ubao wa visanduku 16 kwa 16 kwa kutumia JavaScript, kila kisanduku kibadilike rangi kipanya kikipita juu yake. Kisha unaongeza kitufe kinachomuuliza mtumiaji anataka visanduku vingapi kwa kila upande, visizidi 100, huku ubao ukibaki na upana ule ule, tuseme pikseli 960.

Mwanafunzi anagawa 960 kwa 16, anapata 60. Anakipa kila kisanduku upana wa pikseli 60, na mstari wa pembeni wa pikseli 1 ili kionekane. Anafungua kivinjari na kukuta kila safu ina visanduku 15, si 16, na chini kabisa kuna kisanduku kimoja kimekaa peke yake. Hapo hakuna uchawi. Mstari wa pembeni huongezwa nje ya ule upana, pikseli 1 kila upande, kwa hiyo kisanduku kimekuwa 62. Mara 16 ni 992, haiingii kwenye 960. Mara 15 ni 930, inaingia, na `flex-wrap` inakishusha cha 16 kwenye safu inayofuata. Visanduku 256 vikipangwa 15 kwa safu vinajaza safu 17, yaani 255, kinabaki kimoja. Dawa ni `box-sizing: border-box`, inayofanya mstari uhesabiwe ndani ya zile 60.

Kuna anayepata jibu hilo kwa kuuliza, akaandika mstari mmoja, akaendelea. Na kuna anayefungua zana za ukaguzi za kivinjari, anaelekeza kipanya kwenye kisanduku, anasoma 62 badala ya 60, na kuanzia siku hiyo anajua jinsi kivinjari kinavyopima kila kitu. Odin imejengwa kwa ajili ya huyu wa pili. Inakupa tatizo lenye ukubwa wa kutosha kukuumiza kichwa jioni moja, bila jibu pembeni.

Mradi huo huo una mitego mingine. Ubao mpya unaongezwa chini ya wa zamani kwa sababu mwanafunzi hakuufuta kwanza. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha kughairi, `prompt`, ile inayomuuliza idadi, inarudisha `null`, yaani thamani tupu. `Number(null)` ni 0. Kitanzi hakizunguki hata mara moja, na ubao unatoweka bila ujumbe wowote wa kosa. Hili la mwisho halijaandikwa kwenye maelekezo ya mradi. Unaligundua unapompa simu au laptopu mtu mwingine achezee.

Kikokotoo ndicho mlima wa Foundations. Kosa la kwanza ni 12 + 7 kutoa 127, kwa kuwa kinachosomwa kwenye skrini ni maandishi, na alama ya kujumlisha kwenye maandishi huyaunganisha. La pili ni 0.1 + 0.2 kutoa 0.30000000000000004, ambalo si kosa lako bali ndivyo kompyuta inavyoshika desimali kwa mfumo wa jozi. Zungusha jibu kabla ya kulionyesha. La tatu ndilo linalochuja watu: 12 + 7 - 1, mtumiaji akibonyeza alama ya pili kabla ya sawa sawa. Unahitaji kukumbuka namba ya kwanza, alama, namba ya pili, na kama tarakimu inayofuata inaanza namba mpya au inaendeleza iliyopo. Anayejaribu kuyabeba hayo manne kwa `if` zilizotawanyika kila mahali hupotea. Chora kwanza kwenye karatasi: kikokotoo kiko katika hali gani, na kila kitufe kinakihamishia wapi. Ukikwama hapa wiki nzima, hujapoteza wiki.

Kwa upande wa Git, shida za mwanzo ni chache na zinajirudia. Watu huandika `git init` wakiwa kwenye folda ya nyumbani, na ghafla Git inafuatilia picha, muziki na kila kitu. Angalia kwa `pwd` kabla. Wengine hujaribu kupandisha kwa nywila ya GitHub, ambayo haikubaliwi tena tangu Agosti 2021. Fuata somo la ufunguo wa SSH, unaokutambulisha GitHub badala ya nywila, hadi mwisho. Kuna picha inayoonekana kwenye mashine yako lakini haionekani kwenye GitHub Pages, huduma yake ya kuweka tovuti hewani, kwa sababu faili linaitwa `Pilau.JPG` nawe umeandika `pilau.jpg`. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, seva inajali.

Baada ya hapo

Foundations ikiisha unachagua: JavaScript mwanzo mwisho, au Ruby on Rails. Ruby ni lugha nzuri na njia yake imeandikwa kwa uangalifu, lakini kwa anayetafuta ajira ya kwanza Nairobi au Dar es Salaam ningemwelekeza JavaScript. Sababu ni moja tu: React na Node, inayoendesha JavaScript upande wa seva, zinatajwa kwenye matangazo ya kazi ya hapa mara nyingi zaidi.

Katika kozi ya JavaScript usiruke miradi ya miundo ya data, hata kama haina sura ya kuonyesha watu. Orodha viunganishi, HashMap, mti wa utafutaji, kisha Knights Travails: tafuta njia fupi kuliko zote ya farasi wa sataranji kutoka mraba mmoja hadi mwingine. Huwezi kuutatua kwa kubahatisha. Unapaswa kuona kwamba ubao ni mtandao wa nukta na kila mruko ni kiungo, kisha utafute kwa tabaka: kwanza miraba yote ya mruko mmoja, halafu ya miwili, ukiweka alama ulikokwisha pita. Swali la aina hiyo ndilo hujitokeza kwenye usaili, na aliyeliandika mwenyewe analieleza tofauti na aliyelikariri.

Pengo la kozi liko kwenye misingi ya kompyuta yenyewe: kumbukumbu inavyofanya kazi, kwa nini njia moja ni ya haraka kuliko nyingine. Hapo ongeza CS50x ya Harvard, wiki ya 1 hadi ya 5, ambako unaandika C na kushika kumbukumbu kwa mkono. Nayo ni ya bure, na cheti chake cha bure kipo pia; kile cha kulipia ni cha edX. Mihadhara yake ni video ndefu, basi ishushe kwa ubora wa chini. Sehemu ya kuandikia iko mtandaoni, kwa hiyo panga siku zako za intaneti. Nashauri uifanye baada ya Foundations. Anayeanza na CS50 bila kujua terminali hupigana vita viwili kwa wakati mmoja.

Na freeCodeCamp? Ni nzuri kwa mwenye simu tu, au asiyejua kama kazi hii ataipenda. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, na vyeti ni bure. Fanya pale HTML na CSS kwa wiki mbili, ukijiona unasogea, hamia Odin.

Kasoro zisizofichika

Kubwa ni hii: hakuna anayesoma msimbo wako. Kikokotoo chako kinaweza kufanya kazi huku kikiwa na funksheni moja ya mistari 180, vigeu vinavyoitwa `x2` na `temp3`, na msimbo ule ule umenakiliwa mara nne. Odin haitakuambia. Inakuonyesha kazi za wengine baada ya kumaliza yako, na ina jamii kubwa kwenye Discord inayojibu maswali vizuri, lakini kujibiwa swali si sawa na kukaguliwa kazi. Mtu anaweza kumaliza kozi yote akiwa na tabia mbaya zilizokomaa.

Tatua hivi. Tafuta wenzako wawili walio karibu na hatua yako, hata kama mko miji tofauti. Kila mradi uandikwe kwenye tawi lake, ufunguliwe kama ombi la kuunganisha kwenye GitHub, na mwenzako ashushe, auwashe, ajaribu kuuharibu, kisha aandike walau maoni matatu kwenye mistari halisi: jina hili halielezi kitu, funksheni hii inafanya mambo mawili, nikibonyeza sawa sawa mara mbili inaleta NaN, yaani "si namba". Hakuna kuunganisha mpaka yajibiwe. Timu nyingi kazini hufanya kazi hivyo, na atakayekuajiri atauona mjadala huo wote hadharani, jambo ambalo cheti hakiwezi kumwonyesha.

Ukiuliza Discord, bandika msimbo kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haisomeki wala hainakiliki. Sema ulitarajia nini, umepata nini, umejaribu nini. Kozi nzima ni ya Kiingereza, na ujumbe wa makosa pia. Soma kosa kuanzia mstari wa kwanza, tafuta jina la faili na namba ya mstari, kabla ya kulibandika popote. Kuhusu akili mnemba, itumie ikueleze kosa baada ya kuhangaika nusu saa. Ikikuandikia Etch-a-Sketch, zile 62 hutazijua kamwe.

Kasoro nyingine inajitokeza kwenye sehemu ya Node, unapotakiwa kuweka programu yenye hifadhidata mtandaoni. Heroku, huduma ya kuweka programu mtandaoni, iliondoa mpango wake wa bure Novemba 2022. Render, huduma ya aina hiyo hiyo, bado inao, lakini programu isipotembelewa kwa dakika 15 inalala na kuamka kwake kunachukua muda, na hifadhidata yake ya bure ya PostgreSQL ina ukomo wa siku 30. Mwajiri akifungua kiungo chako akakuta ukurasa mweupe, hatasubiri. Weka picha ya programu kwenye README, faili la maelezo ya mradi, na uifungue mwenyewe kidogo kabla ya saa ya usaili.

Mradi wa kuongeza

Miradi ya Odin inafanywa na maelfu ya watu duniani, kwa hiyo Battleship, ule mradi wa mchezo wa meli za kivita, ya kumi na moja haimshangazi anayeajiri. Chukua ule wa duka la React, uunganishe na Node, kisha uweke malipo. Kwa Kenya, Daraja ya Safaricom, inayounganisha programu yako na M-Pesa, ina mazingira ya majaribio ya bure. Kwa Tanzania kuna OpenAPI ya M-Pesa. Nitaeleza Daraja kwa sababu makosa yake yanafundisha.

Unachukua Consumer Key na Consumer Secret, unaomba tokeni inayoishi sekunde 3600. Unatuma ombi la STK Push, linalomletea mteja dirisha la kuweka PIN kwenye simu yake, ukitumia namba ya biashara ya majaribio 174379. Nywila ya ombi ni namba ya biashara, passkey (ufunguo unaopewa na Daraja) na muda vilivyounganishwa kisha kugeuzwa kuwa Base64, namna ya kuandika data kwa herufi. Muda ni tarakimu 14, mwaka hadi sekunde, na lazima uwe ule ule uliotuma kwenye ombi. Ukiuhesabu mara mbili, sekunde ikibadilika katikati, nywila inakataliwa, nawe hutaelewa kwa nini inakataa mara moja moja tu. Namba ya simu inaanza na 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri.

Kosa zito kuliko yote liko kwenye jibu. `ResponseCode` ya 0 inayorudi papo hapo inamaanisha ombi limepokelewa tu. Mteja bado hajaweka PIN. Anayeandika "malipo yamekamilika" hapo anagawa bidhaa bure. Malipo yanathibitishwa na ujumbe unaotumwa baadaye kwenye anwani yako ya kurudishia majibu, ambako `ResultCode` 0 ni kweli amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amekataa mwenyewe. Hifadhi `CheckoutRequestID` tangu mwanzo ili ujue ujumbe unahusu oda ipi, na ukija mara mbili usihesabu mara mbili. Anwani hiyo lazima ionekane mtandaoni kwa HTTPS. `Localhost`, yaani mashine yako mwenyewe, haifikiwi, hivyo tumia handaki kama ngrok wakati wa majaribio.

Siri zako ziwe kwenye `.env`, na `.env` iwe ndani ya `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git haiyagusi, kabla ya komiti (hatua inayohifadhiwa na Git) ya kwanza. Ukiipandisha kwa bahati mbaya, kuifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, historia imeishika. Tengeneza funguo mpya.

Kutafuta kazi

Sehemu ya Odin ya kutafuta ajira imeandikwa kwa soko la nje zaidi, ingawa ushauri wake wa wasifu ni mzuri. GitHub inaruhusu kubandika ripozitori 6 juu ya ukurasa wako. Bandika tatu au nne tu zilizokamilika. Kila moja iwe na README inayosema programu inafanya nini, kiungo, namna ya kuiwasha, na uamuzi mmoja mgumu ulioufanya na sababu yake. Ipime kwenye upana wa pikseli 360 na kwa intaneti iliyopunguzwa kasi kwenye zana za Chrome, maana anayekagua huenda akaifungulia kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Wiki moja kabla ya usaili, fungua mradi wako wa zamani na ueleze kila funksheni kwa sauti bila kusoma maelezo. Usiyoweza kuieleza, iandike upya.

Anayetaka kutengeneza programu za Android, au kazi za data, asianze hapa. Kotlin na Python zina njia zao, na mwaka mmoja wa CSS hautamfikisha huko. Kwa wengine wote, gharama ni kompyuta, bando na jioni zako za mwaka mmoja au zaidi. Anzia ukurasa wa usakinishaji, na usiguse somo la HTML mpaka `git push` ya kwanza ipite bila kuulizwa nywila ya GitHub.